Yaliyowafika Magegoni



Mtu aliyewajua Waingereza kwa kuwasoma vitabuni tu, asijaaliwe kupanda nao basi wala kusimama nao katika foleni ya posta, aghalabu hudhani ya kuwa wao ni watu wasiojua kulalamika; kwamba mvua ikiwanyea hata nguo zikawaganda maungoni husema leo kuna manyunyu kidogo, na nyumba ikiwaungua husema mambo si mazuri sana. Dhana hiyo si ya uongo, lakini ni nusu ya kweli. Maana watu hawa hawa wanaosifiwa kwa kumeza maneno wamejiwekea akiba kubwa ya misemo kwa ajili ya shabaha moja tu, nayo ni kueleza ya kuwa jambo limewachosha, limewakinaisha, limepita kadiri, na hawana hamu nalo tena. Na mwenye kuichunguza misemo hiyo ataona ya kuwa ni michache sana iliyozaliwa katika majumba ya malodi au katika vyuo vya Oxford na Cambridge. Mingi ilitoka kambini, na mingine malishoni, kwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza wanapenda nini. Jambo hilo ndilo lililonivuta kuizungumza jioni hii.

Mwingereza anapotaka kueleza amekinai kiasi gani, hujigeuza mtungi, na karaha ikawa ndiyo maji yanayopanda ndani yake. Ikiwa bado iko chini husema jambo hilo limemjaa tumboni. Ikipanda, husema limemfika kooni. Na ikizidi kupanda humfika magegoni, yaani yale meno ya nyuma kabisa, pahali ambapo tonge haliwezi tena kushuka wala kutemwa kwa staha. Juu ya hapo halitajwi tena jina la kiungo. Husema tu ya kuwa yamemfika hapa, na akiisha kusema "hapa" huinua kitanga cha mkono akakilaza mbele ya koo, au mbele ya paji la uso ikiwa amehamaki zaidi, na bila ya mkono huo msemo haujatimia. Kwa sababu hiyo naweza kuwaambia kwa yakini ya kuwa huo ni msemo usiofaa kitu redioni: mimi hapa mkono wangu nimekwisha kuuinua, nanyi hamna habari. Wala si wao peke yao wenye mambo hayo. Mjerumani husema pua yake imejaa. Mhispania husema yamemfika mpaka puani. Mfaransa hutaja bakuli lililojaa hata ukingoni. Na sisi watu wa pwani twasema yametufika shingoni, na mwenye kuelewa hahitaji kuonyeshwa shingo.

Ingepasa, kwa mtazamo wa kwanza, misemo ya shibe iwe imetoka kwa walioshiba. Wafalme wa Kiingereza walikula, tena walikula sana: waandishi wa tarehe wa zama zile wanasimulia ya kuwa Mfalme Henry wa Kwanza, aliyekufa 1135, alipatwa na mauti baada ya kula samaki wenye umbo kama la mkunga ambao tabibu wake alikuwa amemkataza, na watoto wa shule za Uingereza husimuliwa kisa hicho mpaka leo, wakacheka. Lakini kifo cha mfalme yule hakikuacha msemo wowote wa maana midomoni mwa watu. Na ukija katika vitabu vyao, kisa cha chakula kinachojulikana kuliko vyote si cha mtu aliyekinai. Ni cha yatima Oliver Twist wa Charles Dickens, anayekwenda na bakuli lake tupu kuomba aongezwe uji katika nyumba ya maskini, akapigwa kwa kuomba.

Basi tutazame msemo uliowashinda wenziwe wote kwa kutumika, ambao hazipiti siku nyingi Mwingereza asiutamke, nao ni maneno mawili mafupi, "fed up", na maana yake ya asili ni mtu aliyelishwa hata akajaa. Utazameni vizuri ujenzi wake. Sisi husema nimeshiba, nimekinai, nimechoka, na katika maneno yote hayo mtendaji ni mimi. Tumbo ni langu, na mkono uliotia tonge ni wangu. Yeye husema amelishwa. Pana mtu mwingine aliyeshika kijiko, wala huyo hakumuuliza mlishwaji kama anataka kuongezwa.

Ni nani aliyekuwa akimlisha? Neno hili lilienea katika vinywa vya askari wa Kiingereza wakati wa vita vya Makaburu kule Afrika ya Kusini, vilivyopiganwa tangu 1899 hata 1902, na vita vikuu vilipozuka 1914 likachukuliwa na wadogo zao mpaka katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji. Chakula chao kilikuwa ni nyama ya ng'ombe ya kopo, na biskuti. Nisidhaniwe nasema biskuti hizi za kuchovya katika chai. Ile ilikuwa ni kipande cha unga wa ngano, maji na chumvi, kilichookwa hata kikawa kigumu kupita haja, na askari waliivunja kwa jiwe au kwa singe, kisha wakailoweka, ndipo meno yapate kuiingia. Wako waliobuni matumizi mengine: waliandika juu yake kwa kalamu anwani ya jamaa zao, wakabandika stempu, wakaitia posta, ikavuka bahari ikafika Uingereza bila ya kuvunjika; na baadhi ya biskuti hizo zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho mpaka leo, maandishi yake yakisomeka. Jamu yao ilikuwa ya plamu na tufaha, tena plamu na tufaha, mwezi kwa mwezi, hata ikawa dhihaka ya jeshi zima. Na palikuwa na mchuzi wa kopo uitwao Maconochie, wa nyama na viazi na karoti, ambao ukipashwa moto waliweza kuula, lakini aghalabu moto haukuwapo, na ukiwa baridi wengi wao walikuwa radhi walale na njaa.

Sasa mtu aliyekinai chakula nyumbani kwake husukuma sahani akaondoka. Askari yule hakuwa na pa kuondokea. Katika vita vile vya 1914 hata 1918 jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake wenyewe zaidi ya 300, kwa makosa ya utoro, na woga, na mengine ya namna hiyo, na familia zao ziliishi na aibu mpaka mwaka 2006, ndipo 306 katika hao wakapewa msamaha kwa sheria ya Bunge, wao wakiwa wamekwisha kuoza makaburini takriban miaka tisini. Mtu aliyeko mahali kama hapo huhitaji neno la namna ya pekee: neno lenye uchungu wote wa kukataa, lakini ambalo afisa akilisikia hana kosa la kuliandika. Kusema "siendi" ni uasi. Kusema "nimelishwa nikajaa" si uasi. Ni habari za tumbo. Naye mwenye kulisema, akiisha kulisema, huokota bunduki yake akaenda zamu.

Hilo ndilo ninaloliona mimi katika misemo hii, na huenda msikilizaji akaniona nimezidisha: kwamba mingi ilibuniwa na watu wasiokuwa na ruhusa ya kuondoka, na kwa hiyo kazi yake si kuliondosha lile linalokera, bali ni kumwezesha mwenye kukerwa akae nalo. Kila anayeisema hutua pumzi, kisha huendelea.

Vita vikuu vya pili vilileta msamiati wake. Askari wa Jeshi la Anga la Kifalme walikuwa na msemo wa kwamba wamegeuzwa rangi ya kahawia, na mwingine wa kwamba wametiwa jibini, na wengine katika majeshi wakataja shaba. Maneno ambayo mtu akiyatafutia mantiki moja moja atajipotezea wakati, kwa kuwa yote yana maana moja, ya kuchoshwa na kungoja na kuamrishwa. Lile la shaba liliamshwa tena 1996 likawa jina la filamu ya Kiingereza, "Brassed Off", juu ya wachimbaji wa makaa ya mawe wa Yorkshire ambao mgodi wao unafungwa, nao wana bendi yao ya matarumbeta ya shaba. Na watazamaji wa kule waliuona mzaha uliomo katika jina hata kabla ya kuketi vitini.

Lakini ajabu iliyo kubwa zaidi ni ya raia, hasa akina mama. Mgawo wa chakula ulianza Uingereza tarehe 8 Januari 1940, kwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa, siagi na sukari, na watu wakauvumilia, kwa kuwa nyambizi za Wajerumani zilikuwa baharini zikizamisha meli za chakula. Vita vikaisha 1945, mgawo haukuisha. Mkate, ambao wakati wote wa mabomu uliuzwa pasipo kibali, ukaingizwa katika mgawo Julai 1946, ushindi ukiwa umekwisha kusherehekewa zaidi ya mwaka mzima, ukabaki humo miaka miwili. Mtazameni basi mama wa Kiingereza wa siku zile, amesimama mbele ya duka la nyama tangu asubuhi, kapu mkononi na kitabu cha mgawo ndani ya kapu, akiwa na haki ya kipande kisichotosha kitoweo cha watu wanne, naye anamwambia mwenziwe aliye mbele yake katika foleni ya kuwa amelishwa hata amejaa. Hapana mtu katika foleni ile aliyeona kichekesho chochote katika maneno hayo. Neno lilikuwa limekwisha kuachana na chakula kabisa, hata mwenye njaa akaweza kulitumia kuishtaki njaa.

Serikali nayo ilijitahidi, na jitihada yake ikazidisha balaa. Iliagiza kutoka Afrika ya Kusini samaki wa kopo aitwaye snoek, mamilioni ya makopo, na Wizara ya Chakula ikatoa na mapishi yake, jinsi ya kumchanganya na vitunguu vibichi na siki ili apate ladha. Watu wakamwonja, wakamwacha rafuni. Mwisho wa yote makopo mengi yaliuzwa kwa bei ya kutupa yakawa chakula cha paka. Na paka, kama kawaida ya mambo haya, hawakuulizwa. Akina mama walikuwa wamejiundia chama chao tangu 1945, British Housewives' League, cha kulalamikia foleni na mgawo, na katika uchaguzi wa 1951 Waingereza wakakirudisha madarakani chama cha Conservative kilichoahidi kuyaondoa madhila hayo. Hata hivyo nyama haikuwa huru mpaka tarehe 4 Julai 1954. Miaka kumi na minne na nusu, na foleni ikabaki foleni, kila mtu nyuma ya mwenziwe.

Nikija malishoni nakutana na msemo ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu hauna majigambo. Mwingereza aliyeishiwa na subira husema yuko mwisho wa kamba yake. Na kamba inayokusudiwa ni ile ya kumfungia mnyama malishoni. Yeyote aliyepata kupita chini ya minazi saa za alasiri amemwona mbuzi wa namna hiyo. Asubuhi alipofungwa alikuwa na majani ya kutosha, akala kwa kuchagua. Kufika adhuhuri amekwisha kulila duara lote hata udongo ukaonekana. Na sasa amesimama ukingoni, kamba imenyooka, kitanzi kimemkaba, ulimi umetoka, na shibiri moja mbele ya ulimi kuna majani mabichi yanayopeperuka. Hajavunjika kitu, hajafanya fujo, wala halii sana. Kamba imekwisha tu. Wamarekani, ambao nao wana kamba yao, wamezoea kupeana na shauri juu yake, ya kuwa mtu akifika mwisho wa kamba na apige fundo, ajishikilie hapo. Nimelifikiri shauri hilo mara nyingi. Wametaja fundo, wametaja kushikilia. Hakuna aliyetaja kisu.

Katika jamii yote hii ya misemo ni mmoja tu unaozungumza waziwazi habari ya kuvunjika, nao ni ule wa unyasi wa mwisho uliovunja mgongo wa ngamia. Zamani Waingereza hawakuwa na ngamia ndani yake wala unyasi. Askofu John Bramhall, alipokuwa akibishana na mwanafalsafa Thomas Hobbes juu ya hiari ya mwanadamu, katika kitabu kilichotoka 1655, alitaja unyoya wa mwisho unaovunja mgongo wa farasi, na unyoya na farasi vikaendelea kutajwa muda mrefu. Dickens katika riwaya yake ya "Dombey and Son", iliyokamilika 1848, alikuwa amekwisha kupakia unyasi juu ya ngamia, na farasi akasahauliwa. Waarabu nao wana unyasi huo huo na ngamia huyo huyo, na kwao angalau mnyama yupo. Sisi wa Unguja na Mombasa ngamia tuliyemjua karibu hakuwa wa misafara bali ni yule wa kinu cha ufuta, aliyefungwa macho ili asipate kizunguzungu, akizunguka kutwa pale pale huku mafuta yakichuruzika, na mgongo wake haukuvunjwa na unyasi wowote, alichakaa tu. Huenda ndiyo sababu picha hii Mswahili huielewa lakini haimkai mdomoni.

Lawama katika msemo huu humwangukia asiyestahili. Unyasi ni kitu kisichokuwa na uzito. Uzito ni wa magunia yaliyopakiwa kabla yake, na aliyeyapakia hayupo katika hadithi. Anayefika baadaye huona ngamia amelala na unyasi uko juu, akauliza ni mwendawazimu gani huyu anayevunjika kwa unyasi.

Mfano wa Kiingereza ninaoufahamu zaidi ni wa mwezi Mei 1940, na mwenye kuutekeleza ni mtu ambaye jina lake halipasi kuwa geni kwetu. Leopold Amery alikuwa Waziri wa Makoloni tangu 1924 hata 1929, na Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja zote zilipita katika meza yake, naye alikuwa na hamu kubwa ya kuziunganisha nchi hizi ziwe kitu kimoja chini ya mamlaka yao. Kabla ya hayo, katika ujana wake, alikuwa mwandishi wa gazeti la The Times katika vita vya Makaburu, yaani miongoni mwa askari wale wale ambao neno letu lilikuwa likienea vinywani mwao. Tarehe 7 Mei 1940 Bunge lilikutana kujadili mambo yalivyoharibika kule Norway, ambako majeshi ya Uingereza yalikuwa yakiondoshwa. Norway ndiyo iliyokuwa unyasi. Magunia yalikuwa ni miaka ya kumridhisha Hitler. Amery alikuwa wa chama kimoja na Waziri Mkuu Neville Chamberlain, na wote wawili walikuwa wabunge wa mji mmoja, Birmingham. Aliitwa kusema saa ya chakula cha jioni, ukumbi ukiwa na viti vitupu vingi, na kadiri alivyoendelea wabunge wakarudi mmoja mmoja hata pakajaa. Hatima ya hotuba yake akayafufua maneno ambayo Oliver Cromwell aliyatamka 1653 alipolifukuza Bunge lililokuwa limejikalia mno: kwamba wamekaa kupita kiasi cha kheri yoyote waliyokuwa wakiifanya, na kwamba waondoke, kwa jina la Mungu, waondoke.

Siku ya pili yake zikapigwa kura, serikali ikapata 281 na waliopinga wakapata 200. Na wingi wa kura 81, kwa serikali iliyozoea kushinda kwa zaidi ya 200, ulikuwa ni sawa na kushindwa. Tarehe 10 Mei Chamberlain akajiuzulu, na Winston Churchill akaingia. Sikilizeni ya kuwa katika maneno yale ya Amery hakuna tumbo, wala magego, wala kamba. Mwenye kukinai hujisema yeye, "nimelishwa, nimefika, nimechoka". Amery alimsema mwingine, akamwonyesha mlango.

Lakini Amery alikuwa mtu wa kiti, na sauti, na jina. Sembuse mtu asiyekuwa na kimoja katika hivyo?

Bibi Fannie Lou Hamer alizaliwa 1917 katika jimbo la Mississippi, kitinda mimba wa watoto 20 wa wazazi waliolima mashamba ya wengine, akaanza kuchuma pamba akiwa na umri wa miaka sita. Tarehe 31 Agosti 1962 alikwenda pamoja na wenziwe mpaka mji wa Indianola kujiandikisha apate kupiga kura, jambo ambalo mtu mweusi wa kule alikuwa na haki nalo katika karatasi na adhabu katika matendo. Na aliporudi jioni akafukuzwa katika shamba alilolitumikia miaka 18. Juni ya mwaka uliofuata akatiwa korokoroni katika mji wa Winona, akapigwa hata akapata madhara ya figo na jicho yaliyokaa naye mpaka kufa. Agosti 1964 alitoa ushahidi wa hayo mbele ya kamati ya chama cha Democratic katika mji wa Atlantic City, televisheni zikimwonyesha, na Rais Lyndon Johnson akaitisha ghafla mkutano wake na waandishi wa habari ili kamera zimwache mwanamke yule. Kamera zikamwacha kweli, kisha jioni vituo vikaurudia ushahidi wake, ukaonwa na watu wengi zaidi.

Sasa, wenye kusema Kiingereza, wa pande zote mbili za bahari, wana msemo wa kuunganisha ugonjwa na uchovu: mtu husema anaugua na amechoka na jambo, na hilo jambo laweza kuwa kelele za jirani, au mvua, au viatu vya watoto vilivyotupwa mlangoni. Ni msemo uliochakaa kwa kutumiwa, na hakuna anayemwita tabibu anapousikia. Tarehe 20 Desemba 1964, katika kanisa moja la Harlem mjini New York, Bibi Hamer aliutwaa msemo huo mkongwe akaukunja ukajitazama wenyewe. Alisema anaugua na amechoka kwa kuugua na kuchoka. Kwake maneno yote mawili yalikuwa ya kweli kabla hayajawa msemo, maana figo lilikuwa linauma na mgongo ulikuwa umechoka tangu utotoni. Lakini lililo zito zaidi ni kwamba hakulalamikia pamba tu, wala jela tu, wala Mississippi tu. Alilalamikia ule uvumilivu wenyewe, ile hali ya kuwa mtu ambaye kazi yake duniani ni kusema amechoka kisha kuchukua gunia lake la pamba. Msemo uliokuwa wa kukalia jambo akaufanya wa kuinukia.

Jioni ile Malcolm X naye alizungumza, na kabla yake vijana waimbaji wa harakati waliimba wimbo juu ya Jaramogi Oginga Odinga, ambaye siku nane tu nyuma yake alikuwa amekuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Hivyo jina la mtu wa Nyanza lilisikika chini ya dari ile ile. Bibi Hamer alifariki tarehe 14 Machi 1977, akazikwa Ruleville, na maneno yake hayo yamechongwa katika jiwe la kaburi lake.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake ilitoka filamu ya Kimarekani iitwayo "Network", iliyoongozwa na Sidney Lumet, nayo naitaja kwa kuwa inaonyesha jinsi soko linavyoweza kulichukua neno la mtu aliyekinai likalipanga rafuni pamoja na bidhaa nyingine. Humo mna msoma habari wa televisheni, Howard Beale, aliyechezwa na Peter Finch, ambaye anakaribia kuachishwa kazi kwa sababu watazamaji wamempungukia. Usiku mmoja wa mvua anaingia studioni na koti lililolowa juu ya nguo za kulalia, anawaambia watazamaji wainuke vitini, wafungue madirisha, watoe vichwa nje na kupiga kelele ya kuwa wana ghadhabu na hawatavumilia tena. Nao wanainuka. Madirisha ya ghorofa yanafunguka moja baada ya jingine, na mtaa mzima unarindima kwa sauti za watu wasiojuana.

Kisha wanafunga madirisha na kurudi kuketi, maana kipindi hakijaisha. Wakubwa wa kituo hawana hofu hata chembe; wanashangilia, kwa kuwa hesabu ya watazamaji imepanda, wanampa Beale kipindi chake mwenyewe, na watu wanafungulia kila jioni kuja kukasirishwa. Mambo yanakwenda hivyo mpaka Beale anapoanza kusema mengine, mazito, yasiyowapa raha, na watazamaji wakamkinai. Hesabu ikashuka. Mkuu wa kampuni hataki aondolewe hewani, na matangazo ya biashara yanakimbia. Basi wakubwa wanafanya kikao cha kawaida, wakiwa na karatasi zao mezani, wanakubaliana apigwe risasi, na anapigwa, mbele ya kamera, kipindi kikiwa kinaendelea.